Kitambaa kinainuka kama bakuli, vidole vinakufa ganzi: niache kufuma?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 61, nimestaafu, naishi Ujiji. Maisha yangu ya kazi yalikuwa kwenye genge la matengenezo ya njia ya reli. Mwaka jana mjukuu wangu alipokuja likizo alinifundisha kufuma kwa kroshia, na nimeipenda kuliko bao. Nafuma jioni nikisikiliza redio. Nina shida mbili. Ya kwanza, kila nikifuma kitambaa cha duara cha kuweka mezani, pembeni kinainuka, kinakuwa bakuli. Natumia uzi mweupe wa pamba na sindano nyembamba ya chuma, nguzo ndefu tupu. Mjukuu alinifundisha kuongeza sita kila mzunguko. Nimehesabu: mizunguko yangu mitano ina nguzo 12, 24, 30, 36 na 42. Muuzaji anasema labda uzi ni mbaya. Jirani anasema mkono wa mwanaume ni mzito, haukuumbiwa kazi hiyo. Mke wangu ananiambia nikipige pasi tu. Ya pili, usiku vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi mpaka naamka kuukung'uta mkono. Nyumbani wanasema ni kunawa maji baridi baada ya kufuma. Nimeona cherehani ya mkono iliyotumika inauzwa Mwanga, hapa mjini Kigoma. Ninunue hiyo, niachane na kufuma?"

Marahaba, kaka. Nimeletewa vitambaa vingi vilivyoharibika tangu nianze kufundisha kazi za sindano, lakini waliokuja na hesabu mkononi ni wachache mno. Wengi husema tu "mwalimu, kimenikatalia". Wewe umeleta namba tano, na kwa namba hizo sihitaji hata kukiona kitambaa chenyewe. Uzi hauna neno. Mkono wako, kwa hili la duara, hauna neno. Mambo yaliharibika ulipotoka 24 ukaenda 30.

Wewe ni mtu wa reli, basi tulizungumze kwa reli. Njia yetu ya zamani, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja. Chukulia genge lenu limeambiwa litandaze njia ya mviringo kamili, inayorudi ilipoanzia. Reli ya nje itakuwa ndefu kuliko ya ndani, hilo unalijua. Itazidi kwa kiasi gani? Mtu angedhani inategemea ukubwa wa mviringo. Wala. Uzungushe njia kwenye mwembe mmoja au uizungushe Ujiji nzima, reli ya nje itaizidi ya ndani kwa mita 6 na sentimita 28 tu. Mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, ukitoka nje mita moja huku na mita moja kule, kipenyo kimekua kwa mita mbili, na mbili mara 3.14 ni 6.28. Hesabu ya darasa la saba hiyo, ila darasani hakuna aliyetuambia kwamba iko pia kwenye kitambaa cha meza.

Kila mzunguko unaofuma ni reli ya nje ya mzunguko uliotangulia, na kimo cha nguzo ndio upana wa njia. Nguzo ndefu, ile ambayo kwanza unazungusha uzi kwenye sindano ndipo unaingia kwenye kitundu, kwa kawaida huwa na kimo karibu mara mbili ya upana wake. Tuseme yako ina kimo cha sentimita moja na upana wa nusu sentimita. Kila mzunguko mpya unadai sentimita 6.28 za ziada. Nusu sentimita inaingia humo mara kumi na mbili na ushei. Kwa hiyo nguzo ndefu huongezwa kumi na mbili kila mzunguko: 12, 24, 36, 48, 60. Nguzo fupi, isiyozungushiwa uzi kwanza, kimo na upana wake vinakaribiana, kwa hiyo sita zinaitosha: 6, 12, 18, 24, 30.

Umeona kilichotokea? Ulianza kwa hesabu ya nguzo ndefu, ukaendelea kwa hesabu ya nguzo fupi. Kufikia mzunguko wa tano ulitakiwa uwe na 60, wewe una 42. Ukingo unaohitaji sentimita 31 umepewa 21, na hauwezi kulala chini kwa urefu ambao haunao. Lazima uinuke. Ungezidisha upande wa pili, ungeongeza 18 kila mzunguko, kingekuja kitu kingine: mawimbi, kama jani la kabichi.

Pasi haiondoi hili. Nilipokuwa msichana nilimfumia baba kitambaa cha juu ya redio, kikajaa mawimbi hayohayo. Nikakinyunyizia maji, nikakikandamiza kwa pasi ya mkaa mpaka kikalala kama karatasi, nikakiweka mahali pake kwa fahari. Asubuhi kilikuwa kimesimama tena, na baba akaniuliza kama nimeifumia redio sketi. Pasi na wanga hunyoosha kosa dogo, nguzo mbili tatu. Nguzo kumi na nane hazitengenezwi na pasi.

Basi fumua, lakini usifumue yote. Vuta uzi taratibu mpaka ubaki na mizunguko miwili ya kwanza, ile ya 12 na 24, ambayo ni sahihi. Mzunguko wa tatu, weka nguzo moja kwenye kitundu cha kwanza na mbili kwenye cha pili, moja, mbili, moja, mbili, mpaka mwisho, utapata 36. Wa nne, moja, moja, mbili, 48. Wa tano, moja, moja, moja, mbili, 60. Kila mzunguko unaongeza nguzo moja ya peke yake kabla ya zile pacha. Ukishaushika mwendo huo hutahitaji karatasi, utafuma huku unasikiliza mpira.

Mambo mawili huwaibia watu nguzo bila wao kujua. Cheni tatu, yaani vile vitanzi vitatu vya kufuatana unavyopandisha mwanzoni mwa mzunguko, zinahesabiwa kama nguzo ya kwanza, na ukiwa unarudi mwishoni lazima ufunge juu ya hizo cheni, kwenye ya tatu. Wanaoanza huziruka, wanapoteza nguzo moja kila mzunguko, na hawajui ilikwenda wapi. Funga kipande cha uzi mwekundu hapo kwenye cheni ya tatu, ukikifikia unajua umefika. La pili, ukipanga nguzo pacha juu ya pacha kila mzunguko, duara litaanza kuota pembe, lionekane kama kokoto iliyochongwa. Katika mzunguko mmoja anza kwa pacha, unaofuata malizia kwa pacha, pembe zitapotea.

Uzi uliofumuliwa hutoka umejaa vipindipindi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, uunyunyizie maji, uuache mpaka asubuhi. Na kama kile kibakuli kimekuvutia, usikifumue kabisa, chukua uzi mwingine. Unajua umefuma nini? Umefuma kofia. Kofia ni duara lililonyimwa nguzo kwa makusudi. Kichwa cha mtu mzima huzunguka kama sentimita 56 hivi. Gawanya kwa 3.14, unapata karibu 18. Kwa hiyo unafuma duara bapa mpaka lifike sentimita 17 kukatiza katikati, kwa kuwa kazi ya kroshia hujivuta kidogo ikivaliwa, halafu unaacha kuongeza kabisa na kufuma moja kwa moja kwenda chini.

Kuhusu yule muuzaji: uzi wa pamba ndio hasa wa vitambaa vya meza, na kuujua ni rahisi. Choma kipande cha urefu wa kidole juu ya sinia. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Sufu ya kondoo hunuka nywele. Uzi wa plastiki, ambao ndio wengi tunaouita uzi wa sweta, huyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Kipimo hiki ni cha lazima kabla ya pasi, maana pasi ya moto huua uzi wa plastiki moja kwa moja. Kitu kinalegea kama tambi zilizopikwa na hakirudi. Kwa pamba yako, kitambaa kikishakamilika na hesabu zikiwa sawa, kitie wanga. Huku Kigoma muhogo hautusumbui. Koroga vijiko viwili vya wanga wa muhogo kwa maji baridi kidogo, mimina maji yanayochemka huku unakoroga mpaka uwe kama uji mwepesi wa mgonjwa, uache upoe, chovya kitambaa, kikamue bila kukisokota, kibanie kwa pini zisizoshika kutu juu ya taulo, ukivuta ukingo sawasawa pande zote. Kikauke kivulini. Wengine hutumia maji ya sukari. Yanakaza vizuri kabisa, na sisimizi nao wanakubali.

Huyo jirani wa mkono mzito, siku moja shuka naye Kibirizi asubuhi, wavuvi wakiwa wamesharudi kutoka ziwani. Atawaona wanaume wamekaa chini, wavu umebanwa kwa kidole gumba cha mguu, sindano mkononi, wanaziba matundu fundo kwa fundo. Anayeunda kipande kipya hushika kibao kidogo na kuuzungushia uzi hapo, ili kila tundu lilingane na mengine. Sijasikia mtu akiwaambia wanafanya kazi ya kike. Fundi cherehani barazani, mwanaume. Kofia za kazi ya mkono wanazovaa wazee wenu wa Ujiji siku ya Ijumaa ni sindano tupu, na Lamu utakuta wanaume wanazishona. Ukimaliza kuyasema hayo mnunulie kahawa, yaishe.

Kile kibao cha mvuvi kina jambo lako, kaka, na ndilo linalonipeleka kwenye shida ya pili. Kibao ndicho kinachoamua ukubwa wa tundu. Mkono haulazimiki kukaza. Kwenye kroshia kibao chako ni shina la sindano. Itazame kwa karibu: karibu na ndoano kuna sehemu nyembamba, kama shingo, na nyuma yake shina limenenepa. Kitanzi kinatakiwa kikae kwenye sehemu nene. Wanaokaza huviacha vitanzi shingoni, vinakuwa vidogo, na mzunguko unaofuata inabidi wachimbe kwa nguvu ndoano ipate kuingia. Nabashiri wewe unachimba. Mtu aliyeshika nyundo na mtaimbo miaka yote hiyo, ukimpa sindano ya milimita moja na nusu ataishika namna ileile.

Hapa sasa nisome polepole, kwa sababu mimi ni mwalimu wa kushona, si tabibu. Ninayoyajua niliyapata kwa mkono wangu mwenyewe, nilioumiza nikifuma sweta za watoto wa dada yangu mpaka nikashindwa kufungua mfuniko wa chupa ya chai, nikaenda hospitali nikaelezwa. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna kijia chembamba. Chini na pembeni ni mifupa, juu yake umepita utepe mgumu. Ndani ya kijia hicho zinapita kano tisa zinazokunja vidole, na pamoja nazo neva moja inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kano zikibana kitu kwa muda mrefu huvimba kidogo. Kijia hakipanuki. Anayeumia ni neva. Usiku unalala umeukunja mkono chini ya shavu, kijia kinazidi kubanwa, unaamka unaukung'uta. Kwa hiyo maji baridi hayana hatia, nawa bila wasiwasi. Wengine watakwambia ni uzee, pokea pole, lakini usiishie hapo.

Kwanza angalia ni vidole gani. Ukiamka usiku, kabla hujaukung'uta mkono, kiguse kidole kidogo cha mwisho. Kama chenyewe kiko sawa na ganzi iko kwenye gumba, shahada na kati, basi huenda ni hiyo habari ya kijia. Kama kilichokufa ganzi ni kidole kidogo pamoja na cha pete, neva nyingine ndiyo inayobanwa, ile inayopita kwenye kiwiko, na swali langu litakuwa unafuma umeegemeza kiwiko kwenye mkono wa kiti cha mbao. Weka mto.

Kwa ganzi ya kijia, badili ushikaji leo hiihii. Sindano nyembamba ya chuma ni adui kwa sababu vidole vinalazimika kubana ili isiteleze. Inenepeshe: chukua ganda la kalamu ya wino iliyokwisha, litie kwenye mpini, ujaze karatasi isicheze. Au zungushia mpira wa baiskeli uliokatwa vipande vyembamba. Inaonekana kituko, mkono unapumzika. Kifundo kikae kimenyooka, kisikunjwe kuelekea kwako. Uzi upite kati ya vidole vya mkono wa kushoto, mmoja juu, mmoja chini, hizo pindo ndizo zishikilie uzi badala ya wewe kuubana. Na usifume saa nzima bila kusimama. Redio ikianza kusoma taarifa ya habari, sindano chini, nyoosha vidole, zungusha mabega, sikiliza habari kama watu wengine. Usiku vaa kishikio cha kifundo, kile kinachouzwa kwenye maduka ya dawa, kinachozuia mkono usikunjwe. Kisibane, kazi yake ni kunyoosha tu. Mimi kilinisaidia kuliko dawa zote za kuchua nilizojaribu, na nilijaribu nyingi.

Jipe wiki nne mpaka sita hivyo. Ikipungua, endelea na kazi yako. Isipopungua, usiendelee kunisoma mimi, nenda hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu ukaonekane. Usingoje hata hizo wiki kama ganzi inakaa mchana kutwa, kama vikombe vinakuponyoka, au kama nyama ya chini ya kidole gumba imeanza kubonyea ukilinganisha na mkono wa pili. Hizo ni dalili kwamba neva inaanza kuchoka, na neva iliyochelewa hairudi yote. Ukifika huko omba na kipimo cha sukari, kwani kisukari nacho huleta ganzi, na kwa umri wetu si cha kubahatisha. Na ikitokea siku mkono na mguu wa upande mmoja umelegea ghafla, au mdomo umekwenda upande, au maneno hayatoki, hiyo si kroshia tena wala si jambo la kusubiri asubuhi. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Tuje kwenye swali lako la mwisho, niache? Ukiacha kabisa, huenda ganzi ikapungua. Utarudi kwenye bao, na sina ugomvi na bao. Lakini kati ya kuacha na kuendelea vilevile kuna njia nyingine. Unaweza kuweka pembeni uzi mwembamba kwa mwezi mmoja, ukafuma kofia kwa uzi wa sweta na sindano nene ya milimita nne. Mkono haubani sana na kazi inaonekana haraka. Utakosa ule ulaini wa kitambaa cha pamba, hilo ni kweli. Sweta kwa sindano mbili nisingekushauri kwa sasa, maana mikono yote miwili inabeba uzito wa kazi, na kadiri sweta inavyokua ndivyo inavyoelemea vifundo.

Njia ninayoipenda zaidi kwa mtu kama wewe, anayehesabu, ni kudarizi kwa mshono wa msalaba. Usihangaike kutafuta vitambaa maalumu. Nunua kitambaa cha madrafti, kile cha sare za shule chenye miraba midogo, uzi wa kudarizi, na sindano yenye ncha butu. Kila mraba ni msalaba mmoja. Sampuli unaichora mwenyewe kwenye daftari la hesabu lenye viboksi: boksi moja, mraba mmoja. Mgebuka, yule samaki wa ziwa letu, anaingia vizuri kwenye viboksi arobaini kwa kumi na tano, mwili wake mwembamba unasaidia, na meli ya Liemba ina mistari iliyonyooka kana kwamba ilichorwa kwa ajili hiyo. Uzi wa kudarizi huja umesokotwa nyuzi sita ndogo, uzitenganishe, utumie mbili. Kata kipande kisichozidi sentimita 50, kirefu zaidi ya hapo kitachakaa kwa kupitishwapitishwa kabla hakijaisha. Anzia katikati ya sampuli na katikati ya kitambaa, ukianzia pembeni ipo siku mgebuka atakosa mkia. Mguu wa chini wa msalaba uelekee kulia na wa juu kushoto, au kinyume chake, ilimradi misalaba yote ifuate mwelekeo mmoja. Ukichanganya, mwanga ukiipiga kazi utaona mabaka. Usifunge fundo nyuma, pitisha mkia wa uzi chini ya mishono mitatu minne. Huku hakuna kuchimba na hakuna kubana, sindano inapita yenyewe.

Hukuniuliza habari ya macho, lakini ukianza madrafti utaniuliza. Kazi ya karibu haiharibu macho. Lenzi ya jicho hukakamaa kwa kila mtu kuanzia miaka ya arobaini na kitu, afume asifume. Kapime, upate miwani ya kusomea inayokufaa, na kama unatumia mkono wa kulia kaa dirisha likiwa kushoto kwako, kivuli cha mkono kisiangukie kazi.

Cherehani sasa. Kama unaitaka kwa sababu unataka kushona, kununua ni sawa. Kama unaitaka ili ikuponye mkono, hifadhi fedha zako. Ni kweli kwamba mishono mia inakwenda bila vidole kubana, lakini cherehani ya mkono inazungushwa kwa mkono wa kulia, uleule unaoumwa, na kabla ya kushona kuna kukata, na mkasi mzito unalielemea dole gumba kuliko kroshia. Kwa hali yako, cherehani ya kukanyaga kwa miguu ni afadhali, mzigo unashuka chini, nawe miguu yako imetembea sana kwenye kokoto za reli kwa hiyo haitalalamika. Kwa vyovyote usinunue iliyotumika kwa kuitazama tu. Zungusha gurudumu polepole: liende bila kukwama na bila kugonga. Chunguza kama sindano inashuka katikati ya tundu bila kugusa chuma. Toa bobini na nyumba yake, pitisha kucha humo ndani, ukihisi mikwaruzo, uzi utakuwa unakatika kila siku. Shona kipande cha kanga kilichokunjwa mara mbili, kisha geuza uangalie chini. Vitanzi vilivyolegea upande wa chini aghalabu ni uzi wa juu usiovutwa sawa, kitu cha kurekebisha kwa skrubu. Mishono inayorukwa hata baada ya kubadili sindano ni habari nyingine. Hapo muombe fundi wa cherehani afuatane nawe, umlipe kidogo. Kuna makosa ya ndani ya mashine ambayo hayaelezeki kwa maandishi, lazima sikio la fundi liwe pale.

Mimi ningeanza na ile mizunguko miwili iliyobaki, jioni ya leo, kwa sindano yenye ganda la kalamu. Ukifika mzunguko wa tano kiweke kitambaa mezani bila kukinyoosha, kisha hesabu. Na mjukuu wako akija likizo, usimwambie alikosea. Alikufundisha kwa nguzo fupi, na kwa nguzo fupi sita ni sahihi kabisa.